Sentimita Tisini za Msikiti wa Mfalme

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ungekuwa karibu ungeniambia niirudie, maana siku zote wewe husema salamu zangu zinahitaji mtu mwenye masikio ya paka. Basi nairudia: shikamoo, Shangazi. Unaendeleaje? Mguu umepungua kuvimba, au bado unakanyaga cherehani kwa mguu mmoja na kusema ule mwingine uko likizo? Mama Vifungo, fundi mwenzako hapo jirani, hajambo? Natumaini bado mnagombana asubuhi na kupelekeana chai jioni, maana siku mkiacha kugombana nitajua mmoja wenu anaumwa.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula vizuri, nalala vizuri, na chumba nilichopanga kina dirisha la upande wa asubuhi. Naomba radhi kwa kukaa kimya wiki tatu. Si uvivu. Nilikuwa na jambo, na sikutaka kukuandikia barua yenye shimo katikati.

Nikutahadharishe mapema: barua hii ni ndefu, na ndani yake nitakuambia kosa nililokukosea mimi mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, ambalo hulijui. Sikuliweka hapa mwanzoni kwa sababu halitaeleweka bila habari za kazini, na pia, niseme kweli, kwa sababu naogopa. Tafadhali usiruke kurasa kama unavyoruka gazeti kutafuta matangazo ya vifo. Nisome kwa mpangilio.

Uliniuliza kwenye simu mtu anafanya kazi gani msikitini kama si imamu wala mwadhini, na simu ikakatika kabla sijakujibu. Kazi yangu ni kupima. Msikiti huu wa zamani unataka kufanyiwa ukarabati, na kabla fundi hajagusa jiwe lazima wote uchorwe kwenye karatasi jinsi ulivyo leo: kila ukuta, kila nguzo, kila ufa, hata pale popo walipofanya makazi. Tunafanya kazi kati ya sala na sala. Adhana ikikaribia tunakunja karatasi, tunafagia vumbi letu na kutandika mikeka. Watu wakiswali nami naswali upande wa wanawake. Kisha tunatandua tena. Mgongo wangu sasa unajua vipindi kuliko saa ya ukutani.

Watu wote huuita Msikiti wa Mfalme, ingawa mfalme wa mwisho alikufa kabla babu hajazaliwa. Historia yake anayo Mtunza Funguo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye ukoo wake umeshika funguo hizo vizazi saba. Husimulia kama mtu aliyekuwepo. Mfalme wa kwanza, anasema, aliujenga kwa miti na udongo aliporudi kutoka vitani. Nikamwambia basi aliujenga kushukuru ushindi. Akanitazama kwa huruma, akasema la, alishindwa, tena vibaya. Alirudi kwa miguu na watu kumi na wawili tu. Alichoshukuru ni kurudi. Nimelitafuna neno hilo siku nyingi, Shangazi. Mtu anajenga nyumba ya ibada kwa sababu ya siku mbaya iliyomwachia pumzi.

Mjukuu wake akaona udongo haufai kwa ufalme uliokwisha kunenepa. Akajenga upya kwa jiwe na chokaa, akaamuru kila kundi la mafundi mjini lilete nguzo zake. Ndiyo maana nguzo thelathini na mbili, safu nne za nguzo nane nane, hazifanani. Za wahunzi ni nene na zimejaa alama za nyundo. Za wafinyanzi zina matumbo kama mitungi. Za washonaji ni mbili tu, nyembamba kuliko zote, na jiwe limechongwa mistari midogo ya kukatika-katika kutoka juu mpaka chini, kama mshono. Kwenye moja mstari umepinda katikati kisha ukarudi njiani. Nilipouona nilicheka peke yangu. Nikasema huyu alikuwa anapiga soga na jirani yake.

Kisha akaja malkia, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mchanga. Huyo ndiye aliyeongeza kuba na birika la udhu, na mlango wa wanawake wenye ngazi pana, kwa kuwa alichoka kuinua nguo kwenye ngazi nyembamba za kupanda kwa ncha za vidole vya miguu. Kuba lake lina vidirisha kumi na sita. Asubuhi jua huingia kwa kimoja, baadaye kwa kingine, na duara la mwanga hutembea sakafuni polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Na mlango wa mfalme mwenyewe, ulio ukuta wa kulia, ndio mfupi kuliko yote, ili hata mwenye taji ainame. Mhandisi wetu, ambaye ni mrefu kama mlingoti, amegonga paji la uso pale mara tatu, na kila mara Fundi Kimya humpongeza kwa adabu yake ya kumsalimia mfalme.

Fundi Kimya lazima nikujulishe. Ni fundi wa chokaa na boriti, na jina hilo alipewa kwa kejeli: hanyamazi hata akiwa na misumari mdomoni. Siku ya kwanza aliponiona na karatasi zangu aliniuliza kama kwetu walinipima upepo kabla ya kuniruhusu kutoka, maana juu ya paa kunavuma. Tangu siku hiyo ananiita Bi Karatasi. Lakini ni yeye aliyenifundisha kugonga lipu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama imeshika au imeachana na jiwe, na ni yeye aliyenigawia kivuli chake na maji yake kila adhuhuri bila kulitaja. Mhandisi naye ni mtu wa maneno machache na imani kubwa. Mimi ndiye mdogo kuliko wote ofisini, na alinikabidhi ukumbi mzima. Hakuna mtu aliyewahi kuniamini kiasi hicho ila wewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Urefu wa msikiti kwa nje aliupima Mhandisi kwa kile chombo chake cha miguu mitatu. Urefu wa ndani niliupima mimi kwa tepu, nafasi moja moja kati ya nguzo: nafasi tisa, kutoka ukuta wa nyuma hadi ukuta wa kibla. Ukitoa urefu wa ndani kwenye ule wa nje, kinachobaki ni unene wa kuta mbili. Ukuta wa nyuma una mlango, kwa hiyo unene wake unaonekana kwa macho: sentimita sabini. Ukuta wa kibla hauna mlango wala dirisha, na mihrabu yake imechongwa juujuu tu, kina cha kiganja. Unene wake haujulikani ila kwa hesabu. Nilipofanya hesabu, ukatoka mita moja na sentimita sitini.

Sentimita tisini zaidi ya mwenzake. Nikajumlisha upya mara tatu. Nikampelekea Mhandisi, naye akajumlisha, akavua kofia, akajumlisha tena. Jibu lilikuwa lilelile. Sote tulikagua kujumlisha, Shangazi. Hakuna aliyekagua kupima.

Sentimita tisini ni nafasi ya mtu kusimama. Mtunza Funguo alipoambiwa alikaa chini kwenye kidaraja cha kwanza cha mimbari, akafuta macho kwa upindo wa kanzu. Babu yake alikuwa akisimulia kwamba mfalme mmoja alikuwa na kijichumba ndani ya ukuta wa kibla, akijificha humo baada ya sala kusikiliza watu wanavyomsema. Watu wote waliichukulia kama hadithi ya kulazia watoto. Sasa akasema babu yake amesafishwa. Mhandisi akaandika taarifa, jina langu likiwa la kwanza. Wakubwa wakajibu upesi kuliko wanavyojibu jambo lolote: litobolewe tundu la ukubwa wa sinia kando ya mihrabu, siku ya Alhamisi, mbele ya wageni. Watu wakaanza kunisalimia barabarani. Muuza matunda wa pale kona akaniambia nichague embe lolote, maana si kila siku mtu anamuuzia aliyemgundua mfalme.

Aliyekuwa na huzuni ni Fundi Kimya peke yake. Ukuta ule wote umefunikwa na nakshi ya mafundi wa yule mjukuu: mmea mmoja unaojisokota kutoka pembe hadi pembe bila kukatika, uliochongwa chokaa ikiwa bado mbichi. Alisema chokaa ya umri ule imekwisha kuwa jiwe. Ukiitoboa utaiziba, lakini hutairudisha, na kiraka chake kitaonekana mpaka siku ya kiyama. Lakini kama mfalme yumo, alisema, basi tumbishie hodi. Akakaa siku nzima akinoa patasi zake. Nadhani alitumaini zitaisha kwa kunolewa.

Jumamosi iliyotangulia ile Alhamisi tulikuwa na kazi nyingine ndogo. Boriti moja ya dari, kati ya nguzo ya tatu na ya nne, ilikuwa imeliwa na mchwa. Fundi Kimya alikuwa ametafuta mti wa aina ileile kwa miezi, akaupata, akaukata kwa kipimo cha mchoro wangu. Wakaupandisha kwa kamba watu wanne. Upande mmoja ukakaa juu ya nguzo vizuri. Upande wa pili ukaelea hewani, pungufu, kiganja kizima.

Nilingoja anigeukie mimi. Hakunigeukia. Alishuka ngazi polepole, akaipima ile boriti, akafuata namba ya mchoro kwa kidole, na badala ya kuushuku mchoro akasema uzee umemwingia kwa mlango wa macho. Akawaambia wenzake kwa mzaha kwamba mkewe alishamwonya tangu alipomsalimia mbuzi akidhani ni mjumbe. Wakacheka. Naye akacheka, lakini aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaelewa kwa nini mtu anaweza kuitwa Kimya.

Mimi nilichukua tepu nikaenda kwenye ile nafasi peke yangu. Nikaipima. Mchoro ulikuwa umepungua sentimita kumi kamili. Nikapima nafasi inayofuata: kumi. Inayofuata: kumi. Kumi mara tisa, Shangazi. Hapakuwa na chumba. Hapakuwa na mfalme. Ukuta wa kibla ulikuwa na sentimita sabini kama mwenzake, na tisini zilizozidi zilikuwa zangu.

Nikajua papo hapo zimetoka wapi. Siku tatu za mwanzo stoo ya ofisi ilitupatia tepu kuukuu iliyokatika ncha. Sentimita kumi za mwanzo hazikuwepo. Wengine walinung'unika. Mimi nilifurahi kama niliyekutana na ndugu, maana ilikuwa pacha wa ile tepu yako ya manjano iliyoliwa na mkasi, tuliyokuwa tukianzia kumi, tukisoma, kisha tukitoa kumi kabla ya kuandika. Nilipima ua na birika na kitako cha mnara kwa namna hiyo, na vyote vikawa sawa. Siku ya nne wakatuletea tepu mpya, nzima. Siku hiyo ndiyo tuliyoingia ukumbini. Mwenzangu alishika ncha kwenye sifuri, kama inavyopaswa, na mimi kule upande wa pili nikasoma, nikatoa kumi kichwani, nikaandika. Sikujua kama natoa. Mkono ulikuwa umelelewa hivyo.

Ungefikiri nilikwenda kusema saa ileile. Sikwenda. Jumamosi nikasema nitasema Jumapili. Jumapili nikasema niandae kwanza maneno mazuri. Jumatatu Mtunza Funguo alinionyesha kanzu atakayovaa Alhamisi, ameshaipiga pasi. Jumanne Fundi Kimya hakuja na utani. Alikuwa akimpa mwenzake tepu na kumwomba amsomee namba, na akisomewa anaziandika kwa herufi kubwa kama za mtoto anayejifunza.

Jumatano asubuhi nilikaa nyuma ya nguzo za wafinyanzi na daftari la vipimo mapajani. Daftari tunaliandika kwa penseli, kwa sababu mvua haifuti penseli. Nilikuwa na kifutio. Nilifuta namba ya nafasi ya ile boriti. Nilikuwa nimeshapanga yote: nitasahihisha daftari, nitachora upya kwa haraka, nitasema Mhandisi ndiye aliyenakili vibaya au ni kazi ya joto, na boriti itabaki kosa la Fundi Kimya kwa kuwa yeye mwenyewe ameshalikubali. Hakuna atakayejua. Mkono wangu ulifuta kama uliokwisha kuizoea kazi hiyo, na hilo ndilo lililonitisha.

Basi Fundi Kimya akaingia amevaa miwani ya mkewe. Ni ya rangi ya waridi, imefungwa uzi sikioni, na ilimfanya aonekane kama bibi aliyekuja kulalamika. Wenzake walianguka kwa kicheko. Yeye akazunguka mbele yao, akawaambia wacheke haraka waimalize, maana mke anaitaka mchana. Kisha akanijia pale nilipo, akasema kwa sauti ya chini kwamba haoni tofauti yoyote, lakini labda miwani huchukua muda kuzoea. Akaniomba nimtazamie namba moja.

Nilisimama. Nilisema sitaki kumsomea namba, nataka kumwambia jambo. Halafu nikaona si yeye peke yake anayepaswa kusikia, nikamwita Mhandisi, nikamwita na Mtunza Funguo, na nikawaambia wote pale chini ya kuba, nikiwa nimeshika daftari lenye namba iliyofutwa ili waone hata hilo. Nikaeleza tepu iliyokatika na tepu nzima. Nikasema nimejua tangu Jumamosi. Nikasema ukuta hauna kitu na boriti haikukatwa vibaya.

Mhandisi aliomba tepu, akapima nafasi zote tisa mwenyewe, nami nikishika ncha. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea, kutoka ukuta hadi ukuta. Alipomaliza alisema kupima vibaya ni jambo la kila mpimaji, yeye mwenyewe aliwahi kupoteza ngazi nzima kwenye mchoro wa shule. Lakini siku nne za kunyamaza hazimo katika fani yetu, na hilo atalikumbuka. Alisema kweli. Akapiga simu kwa wakubwa, akasimama akisikiliza huku amefumba macho, na akajibu mara mbili kwamba kosa ni la ofisi yake. Alhamisi wageni hawakuja. Ukuta haukuguswa.

Fundi Kimya alivua miwani, akaifuta, akaitia mfukoni kwa uangalifu kama yai. Kisha akaniuliza kama naelewa kwamba amepita sokoni na uso ule. Akaniuliza kama naelewa kwamba muuza samaki amemwamkia shikamoo bibi. Akapandisha sauti, akasema Bi Karatasi ana deni la kumtengenezea mkewe sababu ya kuaminika ya miwani kuja kazini. Watu wote wakacheka, nami nikalia. Akaniacha nilie. Baadaye akaniletea maji, akasema kitu ambacho sitakisahau: kwamba hakuchukia sana ile boriti, boriti ni mti tu, nyingine itapatikana, alichochukia ni kwamba siku nne alikuwa haamini mikono yake mwenyewe, na mtu asiyeamini mikono yake hawezi hata kufunga kamba ya kiatu bila kufikiri.

Mtunza Funguo amekuwa akinisalimia kwa ufupi tangu siku hiyo. Simlaumu. Nilimrudishia babu yake, kisha nikamnyang'anya tena.

Sikufukuzwa. Jina langu limetolewa kwenye taarifa, na nimepewa kazi ya kupima upya kila kitu, hata vile vilivyokuwa sawa. Nashukuru. Kila asubuhi naingia mle ndani, naona ule mmea wa chokaa umezunguka ukuta wote bila tundu, na nashukuru kuliko nilivyoshukuru siku waliyoniita mgunduzi.

Shangazi, sasa nakuja kwako. Maneno ya Fundi Kimya kuhusu mikono hayakuniuma kwa ajili yake peke yake.

Unakumbuka gauni la mwalimu mkuu. Najua unalikumbuka, ingawa hulitaji. Kitambaa alichoachiwa na marehemu mama yake, cha rangi ya zambarau, ambacho hakingepatikana tena popote. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa na haraka ya sare za shule, ukaniambia nimpime mimi, uliniamini. Wiki ileile ulikuwa umenunua tepu mpya. Nilimpima kwa ile mpya, nzima, nikatoa kumi kwenye kifua, kumi kwenye mgongo, kumi kwenye mikono, nikaandika kwenye daftari lako. Wewe ukakata kwa namba hizo.

Siku alipokuja kulijaribu na gauni likagoma mabegani, ulitoka naye nje kumtuliza. Mimi nilibaki ndani na daftari. Nilitazama tepu mpya ikining'inia kwenye msumari, nikaona ncha yake, nikaelewa. Nikachukua kifutio. Nilifuta namba zote, nikaandika zilizo sahihi, nikapuliza vumbi la kifutio, nikaliweka daftari mahali pake. Uliporudi ukalifungua. Ulilisogeza mbali na uso, ukalisogeza karibu. Ukasema namba ziko sawa, kumbe aliyekosea ni mimi.

Haikuwa wewe. Macho yako hayakukosea, Shangazi. Mkono wako haukukosea. Ulikata sawasawa kabisa na kile nilichokuandikia.

Nilikuona siku hiyohiyo ukijifunga mtandio na kwenda kwa mwalimu mkuu na kile kitambaa kilichokatwa, kwa miguu, hukungoja hata jua lipungue. Nilikufuata nyuma kwa mbali. Nilisimama kwenye ua wake, nikakusikia ukisema kosa ni langu, macho yangu yamenidanganya, sina la kujitetea. Hukutaja haraka. Hukutaja kwamba nilipima mimi. Aliyesema maneno hayo alikuwa mtu asiye na kosa, na mwenye kosa alikuwa amejificha nyuma ya nguo zilizoanikwa kambani.

Tangu siku hiyo hukukata tena nguo ya kubana mwili. Ulinunua miwani, ukasema huoni tofauti, labda itazoeleka. Ukawa unashona sare na pindo za mapazia, na kila kitambaa kizuri kikija unampelekea Mama Vifungo akate, kisha unarudi kushona alichokata yeye. Watu walisema umepungua. Kwa mshono wa sare hizo ukanisomesha mpaka nikapata karatasi hizi ninazozichora. Miaka kumi na moja nimekuona ukiuogopa mkasi, na nilijua kwa nini, na nikanyamaza. Kwa Fundi Kimya zilikuwa siku nne, na nikaona zilivyomfanya. Kwako ni siku ngapi, sithubutu kuhesabu.

Nilipowaita wale watu watatu chini ya kuba, sikuwa na mfano mwingine wa namna ya kusema ila wewe, kwenye ua ule. Nilitumia maneno yako: kosa ni langu, sina la kujitetea. Ulinifundisha bila kujua unafundisha, tena kwa kosa langu mwenyewe. Sijui mtu humshukuruje mwingine kwa jambo kama hilo. Ninashukuru tu, na ninaomba radhi, na sijui kipi kitangulie.

Sikuombi unijibu upesi. Ukitaka kukasirika, kasirika mpaka itoshe; una haki, na mimi nitangoja. Ukitaka kumwambia Mama Vifungo, mwambie. Ukitaka kwenda kwa mwalimu mkuu, tafadhali ningoje. Hapo ni zamu yangu kutangulia mlangoni. Nimepewa ruhusa ya siku tano mwisho wa mwezi na nitakuja nyumbani.

Pamoja na barua hii napeleka mita nne za kitambaa. Ni kizuri, Shangazi, ni cha aina ile inayoteleza na isiyosamehe. Nataka gauni la kubana, lenye mikono. Sikukuandikia vipimo, na ukiwa navyo vya zamani usivitumie. Nikifika nitasimama katikati ya chumba mikono nimeinyoosha, unipime mwenyewe, usome mwenyewe, ukate mwenyewe. Lisipotosha nitalivaa hivyohivyo.

Nisalimie wote hapo mtaani, wanaoniulizia na wasioniulizia. Mwambie Mama Vifungo nimemnunulia vifungo vya mbao alivyovitaka, na kwamba asivitafute kwenye kifurushi chako, viko kwangu. Mungu akulinde, akupe afya ya mguu, na akuhifadhi macho yako, ambayo ni mazima.

Ni mimi, binti wa kaka yako, uliyenilea bila kunihesabia.